Chumba namba nne: kisa cha hoteli ya shambani nje ya Malindi

Saa nane na robo usiku simu yangu ililia. Alikuwa shangazi wa bi harusi, anaongea kwa sauti ya chini ya mtu anayechelea kuwaamsha wengine. "Mwanangu, tuwie radhi kwa usumbufu. Bibi ameloa. Tumemkalisha kitini, kitanda hakilaliki tena."

Nje ilikuwa ikinyesha mvua ya vuli, ile inayoanza kwa upepo na kumalizia kwa kumwaga. Bibi huyo ana miaka 79. Alikuwa ametoka Tanga alfajiri ya siku hiyohiyo, akavuka mpaka pale Horohoro na Lungalunga, akapita Mombasa, akafika kwetu jioni miguu imemvimba. Alikuja kumsindikiza mjukuu wake aliyeolewa na mdogo wangu. Walima tulikuwa tunaufanya sisi Malindi, nyumbani kwetu Shela, na nyumba yetu haitoshi watu wanane wa kulaza. Kwa hiyo nikatafuta hoteli. Niliyeichagua ni mimi.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimesimamia vyumba vya hoteli mjini Malindi kwa miaka 11. Niliyoyaona jioni ile, usiku ule na asubuhi yake yanasomeka kwa mtu aliyefanya kazi hiyo, na ningependa mwenye hoteli ndogo ayasome kabla hajapokea mgeni mwingine. Jina la hoteli sitalitaja. Wanaofanya kazi pale wana watoto, na kosa lenyewe halikuwa lao.

Hoteli iko ng'ambo ya daraja la Sabaki. Ukitoka Malindi kwenda Mambrui unafika mahali unaacha lami, unaingia bara kwa njia ya mchanga, mikorosho huku na minazi huku. Bangaloo 12 zilizoezekwa makuti, ukumbi wa kulia ulio wazi pande zote, bwawa la kuogelea, na bustani ambayo zamani ilikuwa na sifa yake. Wageni wa Kiitaliano waliokuwa wakienda Marafa kuangalia lile bonde la udongo mwekundu na mweupe ambalo Wagiriama huliita Nyari walikuwa wakipita pale kula cha mchana. Mimi nilifika mara moja, mwaka 2009, na wenzangu wa kazini. Nakumbuka kitambaa cha meza kilichopigwa pasi mpaka kikasimama, asumini kwenye kibakuli cha maji, na kolekole wa kupaka ambaye hadi leo sijala mwingine kama yeye.

Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonipeleka. Nilifungua intaneti, nikaona picha, nikaona ni palepale nilipopajua. Makuti kwenye picha yalikuwa na rangi ya asali. Hapo ndipo nilipoteleza kwanza, nami nilikuwa na kila sababu ya kutoteleza. Makuti yanakuwa na rangi ile yakiwa mapya. Baada ya msimu mmoja au miwili ya jua na mvua yanageuka kijivu, kisha meusi. Picha ya paa lenye rangi ya asali ni picha ya paa lililoezekwa juzi, na ningetakiwa kumuuliza aliyepokea simu: picha hii ni ya mwaka gani?

Sikuuliza. Bei ilikuwa shilingi 6,500 kwa chumba kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Vyumba vinne kwa siku mbili ni shilingi 52,000. Nilituma nusu, 26,000, kwa M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia nikaona fedha imekwenda kwenye namba ya mtu binafsi. Hoteli yenye hesabu zake haipokei fedha ya mgeni kwenye simu ya mfukoni ya mtu. Hilo nalo nililiona, nikalipita.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro. Askari alifungua geti kwa kulinyanyua, kwa sababu bawaba ya chini haikuwepo. Bwawa lilikuwa kijani kibichi kama mchicha uliopondwa. Mapokezi hapakuwa na mtu, na leseni zilizotundikwa ukutani zilikuwa za miaka iliyopita, karatasi zimekunjamana kwa unyevu ndani ya vioo vyake. Baadaye akatoka kijana anafunga vifungo vya shati, akatupa funguo zilizofungwa kwenye vipande vya mbao. Mizigo ilibebwa na mzee mmoja mwembamba, mtunza vyumba, ambaye aliwaamkia wageni mmoja mmoja kwa adabu ambayo haifundishwi chuoni. "Karibuni wazee wangu. Poleni na safari."

Vyumba namba moja na mbili vilikuwa vizee lakini vinakalika. Namba tatu mlango ulikuwa umevimba, haufungi mpaka uusukume kwa bega. Wajomba wakasema haidhuru. Namba nne ilikuwa ya bibi na shangazi.

Niliingia nao. Kazi ikishakuingia mwilini haitoki: kabla sijaketi, mkono ulikuwa tayari umeinua kona ya shuka. Lilikuwa safi, linanukia sabuni ya mche, ile ya kufulia kwa mkono. Katikati lilikuwa limechakaa mpaka likachanika, na mtu ameliziba kwa sindano, mishono midogo ya karibukaribu, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, mstari umenyooka kutoka kifuani hadi miguuni. Ilikuwa kazi ya mkono, na aliyeifanya alitumia si chini ya saa moja. Nikapitisha kidole juu ya mshono ule na karibu nilie. Mahali ambapo shuka linashonwa hivyo, mfanyakazi bado anaipenda hoteli kuliko mwenye hoteli.

Bafuni nikafungua maji. Bomba likakohoa, likatema maji ya kutu, kisha yakaja meupe. Kichwa cha shawa kilikuwa kimeganda magamba meupe. Kati ya matundu yake yote, matatu tu ndiyo yaliyotoa maji, na moja lilirusha ukutani. Maji ya visima vya upande ule yana chumvi na chokaa. Dawa yake kila mtunza vyumba wa Pwani anaijua: unakifungua kichwa, unakilaza usiku kucha kwenye siki au maji ya ndimu, asubuhi unakisugua kwa mswaki. Gharama yake ni ndimu chache na mtu mwenye spana. Spana ndiyo iliyokuwa haipo.

Kisha nikatazama juu. Kwa ndani, paa lilikuwa na baka jeusi upande wa kichwani mwa kitanda, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, na kamba mbili za makumbi zimelegea zinaning'inia. Nikamwita kijana pembeni. "Kijana, mvua ikija hapa inakuwaje?"

"Haivuji sana, mama."

Haivuji sana. Nililisikia neno lile "sana" likitoka mdomoni mwake. Ningemtoa bibi chumbani dakika ileile. Lakini wakwe walikuwa wamesimama mlangoni, wageni wa heshima, siku yao ya kwanza kwetu, na mimi nikaona aibu ya kusema mbele yao kwamba nimewaleta mahali pabaya. Nikasema, "Pumzikeni, tutaonana asubuhi." Nikaondoka. Nimemwomba bibi radhi kwa jambo hilo, na hapa nalirudia kwa sababu ni sehemu ya kisa: nilijua, na aibu ya mwenyeji ikanifunga mdomo.

Niliporudi usiku na gari la jirani, mvua ilikuwa inaingia kwa mchirizi mmoja mnene juu ya mto wa kulalia. Shangazi alikuwa amewasha tochi ya simu, bibi amejifunika khanga mbili, ametulia, anavuta tasbihi yake. Aliponiona akasema, "Mwanangu, usijitie unyonge. Mvua ni rehema." Shangazi hakuwa na utulivu huo. Alinishika mkono akaniinamisha. Chini ya kitanda palikuwa na beseni la plastiki la bluu. Yeye alikuwa analitafuta beseni bafuni la kukingia maji, akalikuta hapo, limeshawekwa. Ndani, karibu na ukingo, lilikuwa na alama ya duara ya maji yaliyokauka siku nyingi, na chini tope kavu la makuti yaliyooza.

Walijua. Kabla hatujafika, kabla sijatuma shilingi, kuna mtu alijua chumba namba nne kinavuja kiasi cha kuwekewa beseni la kudumu, na chumba kikauzwa.

Kwa nini paa lile lilioza

Asubuhi, wageni wakishahamia Shela kwa majirani zetu, nilirudi peke yangu kumalizia hesabu. Nikazunguka nyuma ya namba nne. Bangaloo zote ziliezekwa pamoja, mzee aliniambia, na nyingine hazikuwa zimevuja kiasi kile. Nikainua macho nikaona sababu: tawi la mkorosho, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limelala juu ya paa.

Paa la makuti halizuii maji kwa unene wake. Linayazuia kwa mwinuko. Likisimama nyuzi 45 hivi, tone linateleza kutoka kuti hadi kuti mpaka chini kabla halijapata nafasi ya kupenya, na jua likitoka paa linakauka. Likipangwa kwa ukaribu na kutunzwa hukaa miaka mitano hadi saba. Likifunikwa na tawi mambo yanageuka. Majani ya mkorosho yanaanguka, yanajaza mapengo ya makuti, yanashika maji kama sifongo. Pale pana kivuli, hapakauki. Makuti yanaoza, kamba za makumbi zinalegea, fito zinaingia mchwa, na siku moja mvua inapata mlango. Ukutani chini ya paa lile niliona njia ya mchwa, mstari wa udongo mwembamba kama kalamu, umepanda kutoka msingini hadi kwenye boriti. Nikaubandua kwa ukucha. Walikuwemo, weupe, wanakimbia.

Nikamwuliza mzee ni nani aliyekuwa anakata matawi. Akajibu kwamba bustani ilikuwa na watu watatu, wote wakapunguzwa kazi mwaka 2014. Yeye ni mtunza vyumba, panga anayo lakini ngazi iliuzwa.

Mlolongo wote uko hapo. Aliondoka mtu wa bustani, tawi likakua, majani yakaanguka, paa likaoza, bibi wa Tanga akaloa. Mwenye hoteli alipokuwa anapunguza watu aliona mshahara wa mtu anayefagia majani, akaona huo unaweza kukatwa bila mgeni kugundua. Na kweli, kwa miaka kadhaa hakuna aliyegundua.

Kukata tawi lile kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Baadaye, baka lilipokuwa la ukubwa wa sinia, mafundi wawili na mizigo michache ya makuti wangelimaliza kwa siku. Sasa boriti imeliwa, na paa zima la namba nne lazima lishushwe. Bwawa lina hadithi ileile kwa njia nyingine: pampu ilizimwa ili kuokoa umeme, na maji yasiyozungushwa wala kutiwa klorini, kwa jua la kwetu, hayamalizi wiki bila kugeuka kijani. Kisha yanazaa mbu, na vyandarua vilikuwa na matundu. Sitaendelea. Anayejua hoteli ameshaelewa.

Aliyekosekana pale

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nilishajibiwa na mwenye hoteli mwenyewe kwa simu: utalii wa Malindi ulianguka. Ni kweli, na hakuna haja ya kunieleza. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na Malindi ikalipa pamoja na Lamu. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na watalii wakarudishwa makwao kabla ya siku zao. Juni likaja shambulio la Mpeketoni. Hoteli niliyokuwa nikifanya kazi ilifunga mwaka huo, tukapewa barua watu wote kwa siku moja. Machi 2020 anga ya Kenya ikafungwa kwa ndege za abiria kutoka nje mpaka Agosti. Sina dharau kwa mtu aliyekosa fedha. Nimeishi na kukosa huko.

Lakini umasikini wa hoteli hauelezi beseni. Hoteli ile ina vyumba 12. Usiku ule, sisi tukiwa ndio wageni pekee, vyumba vinane vilikuwa vitupu. Asubuhi mzee alinifungulia viwili, namba saba na namba tisa: vikavu, mashuka yamekunjwa, milango inafunga. Bibi angelala namba saba usiku mzima bila gharama ya ziada hata ya shilingi moja.

Nikamgeukia kijana wa mapokezi. "Kwa nini hukumpa namba saba?"

Akainamisha kichwa. "Naambiwa nianze kujaza mbele, mama. Moja, mbili, tatu, nne. Nikibadilisha nauliza kwanza, na jana simu haikupokewa."

Nikamwuliza mzee. Akasema, "Tangu mvua ya mwaka, ile ya masika, nimesema namba nne isiuzwe. Nikaambiwa, weka beseni."

Kwa maoni yangu hoteli ile ilikufa kwenye sentensi hiyo. Nilipokuwa kazini, kila asubuhi saa tatu nilikuwa napeleka mapokezi ripoti ya vyumba. Chumba nilichokifunga kilikuwa kimefungwa. Meneja angeweza kunigombeza, na mwezi mmoja wa Desemba alinigomba mbele ya watu kwa kufunga vyumba sita, mabomba yalipopasuka, msimu umejaa. Alinigomba, lakini hakuvifungua. Alijua kwamba chumba kilichofungwa kinampotezea malipo ya usiku mmoja, na chumba kibovu kilichouzwa kinampotezea mgeni, na ndugu wa mgeni, na kila atakayesimuliwa.

Pale ng'ambo ya Sabaki hapakuwa na mtu wa kufunga chumba. Mwenye mali haishi nchini. Anayemwakilisha anakaa Mombasa, anauza vyumba kwa simu akitazama picha zilezile nilizozitazama mimi. Kijana aliye mapokezi anaogopa kuuliza. Mzee anayejua kila tundu la kila paa, anayeshona mashuka kwa uzi wake, hana neno. Ujuzi uko kwa mtu mmoja na uamuzi uko kwa mwingine, na kati yao kuna simu isiyopokelewa.

Sisemi mwenye hoteli aezeke upya paa zote 12 kwa fedha asiyo nayo. Angempa mzee yule daftari na kalamu, na agizo moja lililoandikwa kwamba chumba alichokifunga yeye hakiuzwi, angebaki na hoteli ya vyumba vitano au sita vizuri. Angeweza kuviuza kwa haki, kwa picha za mwaka huu, na angelala usingizi.

Fedha

Mwakilishi wa Mombasa alidai nimlipe 26,000 zilizobaki, kwa kuwa nilikuwa nimeagiza siku mbili. Nikamwambia nitalipa kilichotumika: vyumba vitatu kwa usiku mmoja, 19,500. Namba nne haikuwa chumba. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kunirudishia 6,500. Akacheka. Nikamtumia picha tatu: beseni, baka la paa, na mchirizi wenyewe, ambao shangazi alikuwa ameupiga video. Nikamkumbusha ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya huduma ya kiwango kinachostahili na ya kuambiwa ukweli anaouhitaji ili aitumie huduma hiyo kwa manufaa yake. Nikamwambia pia kwamba kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Sikumtisha. Nilikuwa tayari kwenda.

Yeyote atakayefikwa na jambo kama hili apige picha usiku uleule, maji yakiwa bado yanaingia. Asubuhi jua la Malindi linakausha ushahidi wote.

Siku ya 19 zikaingia 6,500, kutoka namba ileile ya mtu binafsi, bila neno. Nilikuwa nimeomba jambo la pili: namba nne ifungwe, na picha ya makuti ya asali iondolewe. Picha bado ipo. Nimeitazama leo asubuhi.

Ila wiki iliyopita mzee alinipigia kumjulia hali bibi. Nikamwambia kifua kilimsumbua siku chache baada ya kurudi, sasa hajambo, anamsalimu. Akashukuru. Kisha akaniambia kwamba godoro la namba nne amelibeba stoo, balbu ameitoa, na ufunguo anatembea nao yeye mfukoni.